Nimejenga kifua, mchele wa mke wangu nimeugawa

Bi Mwanamvua mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie mawazo, na nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe linaanza kama la kitoto lakini limenifikisha pabaya.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Mazwi, Sumbawanga, nina miaka thelathini na mmoja, nimefunga ndoa ya kanisani, mke wangu anaitwa Bertilla na ni mwalimu wa shule ya msingi, bado hatujajaliwa mtoto, na swali langu kwako ni kuhusu mazoezi ya vyuma, yaani nataka kuongeza misuli bila kuongeza mafuta mwilini, kifua na mabega vitanuke na tumbo libaki pale pale, na nimepewa ratiba tatu na watu watatu, kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo yenyewe, nami sijui nishike ipi. Ila siwezi kukuuliza hilo peke yake bila kukueleza lilikoanzia.

Mwanzoni mwa mwaka huu Bertilla alihamishiwa Mtowisa, huko chini bondeni kwenye joto, nami nikabaki huku juu kwenye baridi kwa sababu kibanda changu kiko huku na wateja wangu wako huku. Siku anaondoka nilimsindikiza mpaka stendi, nikampakilia godoro na ndoo zake juu ya gari, na gari lilipowashwa akatoa mkono dirishani akanichoma kidole tumboni akaniambia, "Timo, nisije nikakuta kitambi, nitageuza na gari hili hili." Abiria wakacheka na mimi nikacheka, lakini gari lilipoondoka nilibaki nimesimama pale nimeshika tumbo mahali aliponigusa, na Bi Mwanamvua sikudanganyi, mpaka leo nikipita stendi mkono unakwenda wenyewe.

Kwetu wanaume wakishaoa wanaota vitambi, baba anacho, kaka zangu wawili wanavyo, na watu huwasifu kwamba wake zao wanawatunza. Mimi nikajiambia hapana, Bertilla amesema asikute kitambi, basi hatakikuta, tena nitamwongezea na kifua juu yake. Ndipo nikaenda kwa Zenon, ambaye ana jimu yake nyuma ya kibanda cha kuchomelea, vyuma vyenyewe ni shafti za magari na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, lakini vinatoa watu. Nilichagua kwenda jioni kwa sababu jioni ndiyo mbaya. Mchana nina kelele za wateja, ila nikifunga kibanda nikarudi nyumbani nakuta kitenge chake kimening'inia nyuma ya mlango, nafungua kabati naona sahani mbili natoa moja, na hapo ndipo pananishinda, basi nikaona heri nikashikane na zege la Zenon mpaka nichoke, nikirudi nianguke tu kitandani.

Zenon akaniambia ukitaka misuli bila mafuta unaacha wanga kabisa, ugali, wali, viazi, chapati, vyote, unakula mayai na maharage, na unapiga tizi siku sita kwa juma, kila siku na kiungo chake, leo kifua, kesho mgongo, keshokutwa miguu, na ukiruka siku moja umerudi nyuma. Nikafuata. Tumbo likaisha, mishipa ikatokeza mikononi, nikawa najitazama kwenye kioo cha pikipiki za wateja.

Sasa Bertilla huko Mtowisa hakumaliza hata mwezi akakodi kishamba cha mpunga, na akitoka darasani anaingia kwenye tope mwenyewe, yeye ambaye amezaliwa huku juu kwenye mahindi na ulezi na mpunga alikuwa hajawahi kuushika. Alipovuna akakoboa akanitumia gunia kwa lori, mdomo kaushona kwa uzi mwekundu, ule wa sufu anaowafundishia watoto kufuma. Siku ya kwanza niliupika, nyumba nzima ikanukia, nikala peke yangu nikajikuta machozi yananitoka kama mtoto, na kesho yake nikamweleza Zenon akanijia juu, "Mshikaji, wewe unajenga au unabomoa?" Nikaona kweli nabomoa. Lakini kuutupa siwezi na kuutazama siwezi, basi nikaupeleka kwa Mama Justina, huyu mama lishe anayetupikia mafundi pale karibu na kibanda changu, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwambia apike auze, mimi anipe mayai ya kuchemsha na maharage.

Na kila jioni Bertilla alikuwa ananipigia simu akiwa anakula. "Umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Wali wako." Nasema hivyo yai likiwa mdomoni, Bi Mwanamvua. Naye anacheka anasema, "Basi na mimi nakula huo huo, tunakula sinia moja."

Mama yangu alikuja kutoka kijijini kunisalimia, nikamwamkia shikamoo, badala ya kuitikia marahaba akaniuliza, "Unaumwa nini, mwanangu? Usinifiche." Nikamwambia siumwi, ni mazoezi. Akasema, "Mazoezi gani hayo ya kumla mtu?" Hakuishia hapo, akampigia Bertilla kwamba mumeo anakonda. Bertilla naye hakuniuliza neno, ila juma lililofuata lori likashusha gunia jingine, kubwa kuliko la kwanza, uzi mwekundu ule ule, nami nikalipeleka kwa Mama Justina hata mdomo sijalifungua.

Mwezi wa tisa walipopata mapumziko mafupi Bertilla akapanda kuja bila kuniambia. Nilikuwa nimetoka kujaribu pikipiki ya mteja, akasikia njaa ya safari, akakaa kwa Mama Justina kunisubiri, akaagiza wali maharage, na yule mama wa watu, ambaye hajawahi kumwona, akampakulia akamwambia, "Kula mwanangu, huu ni wali wa Mtowisa, ananiletea Timo fundi, yeye mwenyewe hali." Niliporudi nilimkuta anakula. Gunia lilikuwa pale pembeni limeegemea ukuta, uzi unaning'inia. Alimaliza sahani yote, akalipa, akanawa, akanitazama mimi nilivyosimama mbele yake na fulana ya kubana niliyokuwa nimeivalia kazini siku zote nikiomba siku moja atokee anione, akasema, "Kumbe wewe umeshashiba."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Sijashiba, nimepunguza wanga tu."

Alikaa siku zake akarudi. Nilimwonyesha kifua akasema umependeza, lakini alisema kama mtu anayesifia pazia la jirani. Tangu hapo tunaongea kwa simu, ananisalimia, ananiuliza habari za kazi, lakini haniulizi tena kama nimekula. Mchele haujaja tena. Na sasa shule zinakaribia kufunga mwezi wa kumi na mbili, nimemuuliza unakuja lini, amesema likizo hii atabaki huko huko apande mpunga, Krismasi ataisali huko.

Ndiyo maana nakuandikia. Zenon anasema niendelee na siku zangu sita, nimebakiza kidogo tu. Rafiki yangu Dominiko anasema niachane na vyuma, nipige pushapu na kukimbia kila alfajiri mpaka jasho la mwisho. Na kwenye simu kuna jamaa mmoja anasema siku tatu tu kwa juma zinatosha, mwili mzima, uzito mkubwa, na kula vizuri, lakini huyo simjui. Mimi nafikiri labda mwili wangu haujafika pale alipotaka Bertilla, labda nikichagua vizuri mpaka Krismasi utakuwa umefika, nitamtumia picha, ataona nilikuwa nafanya kwa ajili yake, atakuja. Nishike ratiba ipi? Nimemkumbuka mke wangu mpaka nimekwenda kwa Mama Justina kuomba lile gunia tupu, liko hapa chumbani, nalinusa.

Timoth, Mazwi

BI MWANAMVUA ANAJIBU

Timoth mwanangu, marahaba. Nilijitahidi nisikucheke kama ulivyoniomba, nikafika pale kwenye "nimepunguza wanga tu" nikaiweka barua yako chini nikacheka mpaka mume wangu Hamis akaja kutoka dukani kuuliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye gunia tupu, sikucheka tena.

Umeuliza swali, nitalijibu swali lako kwanza ili usiseme Bi Mwanamvua kalikwepa. Na usidhani mimi si mtu wa kuulizwa mambo haya. Hapa kwenye picha unaniona nimejitanda mtandio, lakini shuleni nilikuwa narusha tufe, na mwalimu wetu wa michezo alitunyanyulisha vyuma wakati huyo Zenon wako hajazaliwa. Shika ratiba ya siku tatu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na kila siku mwili mzima: chuchumaa na chuma mabegani, lala kwenye benchi usukume chuma juu ya kifua, inama ukivute kuelekea tumboni, kinyanyue kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kisukume juu ya kichwa. Hayo yanatosha. Kila zoezi seti tatu, chagua uzito unaoweza kuunyanyua mara nane mpaka kumi na bado ukabaki na nguvu ya mara mbili, ukiuzoea ongeza kidogo. Siku za katikati pumzika kweli, maana msuli haukui ukiwa chini ya zege, unakua ukiwa umelala na umekula.

Nimesema umekula. Wanga ndiyo nguvu ya kunyanyulia hilo zege. Ukiukata wote ukabaki na mayai, mwili ukikosa chakula unaanza kujila wenyewe, na hapo mama yako aliona sawasawa kwa jicho moja tu. Kula maharage, mayai, maziwa, samaki wa ziwani, karanga, mboga, na kando yake kula wali au ugali, sahani ya mtu anayefanya kazi, si mlima. Punguza soda, chipsi na pombe, hivyo ndivyo vinavyoleta tumbo. Shika mkanda wako wa suruali uwe mzani: ukikaa tundu lile lile na mabega yanaongezeka, unakwenda vizuri. Na usitegemee miujiza ya Krismasi, mwili unajengwa taratibu. Pushapu za Dominiko si mbaya, zipige siku ya zoezi ukiwa mbali na vyuma. Zenon ana nia njema, lakini anayempikia yumo ndani ya nyumba, wewe wako yuko bondeni.

Haya, la vyuma limekwisha. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mwanamke kakuchoma kidole tumboni akiwa dirishani mwa gari. Unajua ile ilikuwa nini? Alikuwa anaona haya kulia mbele ya abiria. Angeweza kusema nitakukumbuka, akashindwa, akatania kitambi. Wewe ukaliokota neno ukalifanya amri ya jeshi, mkono wenyewe uliokugusa ukausahau. Hapana, nakukosea, mkono hukuusahau, umeniandikia. Basi kama mkono unaukumbuka, ilikuwaje ukaukataa ulipokuja na gunia?

Maana lile gunia ndilo lilikuwa mkono wake. Mtoto wa ulezi huyo, kaingia kwenye tope ambalo halijui, kapanda, kapalilia, kafukuza ndege, kavuna, kakoboa, kashona kwa uzi wake mwenyewe, yote baada ya kushinda anafundisha watoto wa watu. Alifanya hivyo kwa nini, duka la mchele lingekosekana Sumbawanga? Alitaka kukulisha kutoka mbali. Akasikia unakonda, hakukuuliza uko na nani, hakugomba, akatuma gunia kubwa zaidi. Hiyo ndiyo lugha yake, mwanangu. Wewe ukalipeleka kwa mama lishe halijafunguliwa mdomo.

Na usijidanganye kwamba ana wivu na Mama Justina. Mwanamke mwenye wivu humwaga sahani. Huyu aliimaliza. Hebu mfikirie, ameketi kwenye benchi la mafundi, anatafuna mchele wa jasho lake mwenyewe, anaununua, anaambiwa mwenye mali hali. Halafu anakumbuka zile jioni zote za simu, "tunakula sinia moja," kumbe alikuwa anakula peke yake. Hapo ndipo palipomuuma, kwenye ule uongo wako wa yai mdomoni. Ungemwambia tangu mwanzo, "Bertilla, najenga mwili, nataka unikute nimependeza," angecheka, angekupangia yeye mwenyewe kipimo cha wali. Ulimficha jambo lililokuwa lake.

Kuna kitu kingine nimekitafuta kwenye barua yako nikarudia kusoma mara ya pili nikidhani macho yangu yamechoka. Amepakia godoro, umebaki. Amelima, hukuwepo. Amevuna, hukuwepo. Amepanda kuja, umemwonyesha kifua, ameondoka. Ni wapi wewe umeteremka Mtowisa? Sijapaona. Mwaka mzima! Fundi pikipiki, unayejaribu pikipiki za watu mchana kutwa, unakaa Mazwi unanusa gunia na mke wako yuko chini hapo! Utasema barabara mbovu. Mbovu kweli, na mvua zikianza inazidi, lakini yeye anaipita. Utasema wateja. Utasema ukiruka siku moja ya mazoezi umerudi nyuma. Kwani wewe umefunga ndoa na Bertilla au na Zenon?

Ndiyo sababu nyingine nimekuchagulia siku tatu. Ijumaa ukimaliza tizi lako, funga kibanda. Jumamosi alfajiri washa pikipiki uteremke, Jumapili jioni upande kurudi, na misuli yako haitapungua hata punje. Nenda mara moja kwa mwezi, ukiweza mara mbili. Na likizo hii ya Desemba usimsubiri aje. Kamwachie Dominiko kibanda, mfunge Zenon mdomo, nenda ukapande mpunga. Utainama kutwa kwenye tope, ukimaliza utaniambia kama mgongo umekosa mazoezi.

Usimtumie picha. Narudia, usitume picha yoyote ya kifua, hiyo ndiyo itakayoharibu kabisa. Usimpigie simu kumweleza haya yote niliyokuambia, maana kwa simu umeshamdanganya vya kutosha. Na lile gunia tupu, lifue, likunje, lifunge nyuma ya pikipiki, umrudishie mwenyewe mkononi. Atajua maana yake.

Mwanangu, nimesikia jinsi unavyomkumbuka. Mtu anayetoa sahani moja kabatini akashindwa kuitazama ya pili hajaacha kumpenda mkewe, na mimi nakuamini. Naamini pia yule anakusubiri, maana aliyekata tamaa hapandi mpunga kwenye kishamba kile kile. Lakini huwezi kumshibisha mtu kwa kumwonyesha ulivyonyooka tumbo.

Basi ukifika, hata kama ni mchana wa joto la huko, usivue shati. Mwamkie, mwambie ukweli wa yai, omba radhi mara moja bila maelezo ya wanga. Jioni akiwasha moto usimwambie unakula nini na huli nini. Nawa mikono, kaa mkekani, umwambie, "Bertilla, sijashiba. Nipakulie."